Makovu ya sakafu ya bahari

Tazama ramani ya sakafu ya Atlantiki. Utaona safu ndefu ya milima ikipita katikati, kaskazini hadi kusini, lakini haijanyooka. Imekatwa vipande vipande, na penye kila mkato kuna mfereji mrefu wa mashariki-magharibi. Hayo ndiyo maeneo ya mpasuko.

Kwenye safu hiyo magma hupanda, sakafu mpya huzaliwa na mabamba mawili huachana. Karibu na ikweta, kwenye mpasuko wa Romanche, vipande viwili vya safu vimeachana kwa kilomita 900 hivi. Kati ya ncha zake mabamba yanapishana, moja likienda mashariki na jingine magharibi. Hapo ndipo ardhi hutetemeka. Ukishavuka ncha, pande zote mbili za mpasuko ni bamba lile lile na zinakwenda njia moja. Kimya. Limebaki kovu tu.

Zamani wengi walidhani safu ilikuwa moja, ikakatwa na kusukumwa. Mwaka 1965 J. Tuzo Wilson wa Kanada akasema hapana, mwendo ni kinyume na unavyoonekana kwa macho. Miaka miwili baadaye Lynn Sykes akapima matetemeko yenyewe, kumbe Wilson alikuwa sahihi. Kwangu mimi huu ni mmoja wa utabiri mtamu kabisa katika jiolojia.

Sasa mbona kovu halifutiki? Ni suala la umri. Sakafu changa ina joto, imevimba, iko kina cha kilomita 2.5 hivi. Ikizeeka hupoa, husinyaa na kuzama hata kupita kilomita 5. Mpasuko huweka kijana na mzee ubavu kwa ubavu, basi lazima pawe na ngazi. Romanche yenyewe ina kina cha zaidi ya kilomita 7, na maji baridi kutoka Antaktika hupenya humo kwenda Atlantiki ya mashariki.

Huku kwetu kuna Davie, katika Mlango-Bahari wa Msumbiji. Madagaska, Bukini ya wazee wetu, iliwahi kushikana na pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania, kisha ikateleza kusini zaidi ya kilomita 1,000. Kwa miaka mingi Davie imechukuliwa kuwa reli ya safari hiyo. Mwaka 2016 watafiti wengine wakapinga kwamba inafika hadi Tanzania na Kenya. Si ubishi wa darasani tu: anayetafuta gesi baharini lazima ajue mwamba wa bara unaishia wapi.