Mke Andika Ulichokiona

Katika nyumba za askari wa Marekani kuna karatasi moja ambayo hutunzwa pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Jina lake ni DD 214. Askari hupewa karatasi hiyo anapotoka jeshini, nayo hueleza alitumikia muda gani, alipata nishani zipi, ametoka katika hali gani na kwa sababu gani. Kwa karatasi hiyo baba ataomba matibabu, karo ya chuo, mkopo wa nyumba na kazi. Akifariki, mjane wake ndiye atakayeishika mkononi akiomba mumewe azikwe kwa heshima za kijeshi.

Huenda ukauliza mambo hayo yatuhusu nini sisi. Yatuhusu, kwa maana wako wana wetu, na mabinti pia, waliokwenda huko kusoma wakaishia kuvaa magwanda. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianzisha mpango wa kuandikisha wageni wanaojua lugha fulani, na Kiswahili kilikuwa katika orodha hiyo. Mpango huo uliacha kupokea watu wapya mwaka 2016, lakini mwenye kibali cha kuishi huko daima bado huweza kujiunga. Wengi walipata uraia upesi kwa njia ya utumishi wao. Jambo ambalo hawakuelezwa vizuri nyumbani ni hili: aliyepata uraia kwa njia hiyo aweza kunyang'anywa iwapo ataachishwa jeshi katika hali isiyo ya heshima kabla hajatimiza miaka 5 ya utumishi mwema. Kwa hiyo neno moja kwenye karatasi laweza kugusa nyumba nzima, hata bibi aliyeko kijijini anayengoja fedha za dawa.

Neno lenyewe liko wapi? Katika karatasi za miaka ya karibuni tazama kisanduku cha 24, palipoandikwa hali ya utumishi, na cha 28, palipoandikwa sababu ya kutoka. Angalia kwanza kama unayo nakala ndefu, kwa kuwa nakala fupi haina sehemu hiyo. Kama pameandikwa Honorable, ametoka kwa heshima kamili. Linalofuata ni General, yaani heshima yenye doa. Huyo atapata mengi, ila karo ya chuo ataikosa. Chini yake ni Other Than Honorable, na hapo milango mingi hufungwa. Mbili za mwisho, Bad Conduct na Dishonorable, hutolewa na mahakama ya kijeshi.

Makosa mengine ni madogo: jina limekosewa herufi, nishani imesahauliwa, miezi ya vitani haikuhesabiwa. Hayo husahihishwa kwa ushahidi wa maandishi, na askari hupewa karatasi ya nyongeza iitwayo DD 215. Sitakaa hapo. Ninataka kusema juu ya lile neno zito.

Sisi wauguzi tunajua ya kwamba mtu aliyeona mauti kwa karibu aweza kurudi nyumbani na viungo vyote huku akili ikiwa imejeruhiwa. Hapati usingizi, hushtuka mlango ukigongwa, hukaa akitazama dirisha. Wengine hunywa pombe ili walale. Kazini huchelewa, hugombana na mkubwa wake, hutoroka kambini siku tatu. Jeshi huona mlevi na mtoro, likamwachisha. Kiwewe cha namna hiyo kiliingizwa katika kitabu cha magonjwa ya akili cha madaktari wa Marekani mwaka 1980 tu. Fikiri basi vijana waliorudi kutoka Vietnam kabla ya hapo: ugonjwa walikuwa nao, jina la ugonjwa halikuwapo.

Mwezi wa Septemba 2014 Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, ambaye mwenyewe alipigana Vietnam, aliagiza bodi za kusahihisha kumbukumbu ziyatazame kwa huruma maombi ya watu wa namna hiyo. Mwezi wa Agosti 2017 yakatolewa maelezo zaidi, yakitaja pia majeraha ya ubongo na waliobakwa au kusumbuliwa kimapenzi jeshini. Bodi hujiuliza maswali manne. Je, mtu huyu alikuwa na ugonjwa au alipatwa na tukio? Lilikuwa wakati wa utumishi? Laeleza kosa lake? Na je, lina uzito kuliko kosa lenyewe? Swali la mwisho ni la haki kabisa, kwani si kila kosa huoshwa na ugonjwa.

Hapa ndipo unapoingia wewe, mama. Maelezo yale ya 2017 yanasema wazi ya kwamba ushahidi si lazima utoke katika faili la jeshi. Waweza kutoka kwa daktari wa nje, kwa rafiki, kwa askari mwenzake, kwa mchungaji na kwa jamaa wa nyumbani. Yanataja hata dalili ambazo mke ndiye huziona wa kwanza: pombe iliyoanza ghafla, huzuni, hofu, fedha kutumika ovyo, unyumba kuharibika. Maneno ya askari mwenyewe pia huweza kutosha kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwapo, lakini mara nyingi mwanamume husema machache mno. Nimewaona wengi wanaoweza kueleza injini ya gari kwa saa nzima, ila ukiwauliza wanalalaje hujibu, "Salama tu."

Kwa hiyo andika. Usiandike, "Mume wangu alibadilika sana." Bodi haitajua ufanye nini na maneno hayo. Andika hivi: "Kabla hajaenda alikuwa akilala mpaka nimwamshe. Aliporudi mwezi wa Machi alianza kulala sakafuni karibu na mlango. Mwezi wa Mei aliacha kuja kanisani, akasema hawezi kukaa watu wakiwa nyuma yake. Mwezi wa Juni nilikuta chupa chini ya kiti cha gari. Mwezi wa Agosti ndipo alipotoroka kambini." Tarehe na mambo uliyoyaona kwa macho yako, yakifuatana. Hapo msomaji ataona mwenyewe ya kwamba ugonjwa ulitangulia kosa. Usimfanye malaika. Alichokosa kikiri, kwa sababu bodi tayari inalo faili.

Mchungaji naye akiombwa barua asiandike tu kwamba ndugu huyu ni Mkristo mwema. Aeleze alimjua tangu lini, aliona nini, na amekuwaje tangu atoke jeshini: kazi, kuacha pombe, malezi ya watoto. Bodi huangalia pia maisha ya baadaye.

Niongeze neno moja kando. Kama katika ugonjwa huo anakupiga, kuandika barua si kuahidi kukaa chini ya ngumi. Tafuta kwanza usalama wako na wa watoto. Barua yaweza kuandikwa ukiwa kwa dada yako.

Maombi yenyewe hupelekwa kwa njia mbili. Kama hajapita miaka 15 tangu aachishwe, hujaza fomu DD 293 kwa bodi ya mapitio ya kuachishwa. Bodi hiyo yaweza kumsikiliza ana kwa ana, wala haiwezi kumwongezea ubaya kwenye karatasi. Haigusi hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Kama miaka 15 imepita, au jambo ni zaidi ya uwezo wa bodi hiyo, hutumika fomu DD 149 kwa bodi ya kusahihisha kumbukumbu, ambayo wajumbe wake ni raia, si wanajeshi. Sheria yasema ombi lifike ndani ya miaka 3 tangu kosa kugunduliwa, lakini bodi yaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Basi mtu asikate tamaa kwa sababu ya miaka. Aombe, aeleze sababu ya kuchelewa. Fomu hazilipiwi.

Je, mwenyewe amefariki, au akili yake haiwezi tena? Mjane, mke au jamaa wa karibu huruhusiwa kutia sahihi kwenye DD 149, akiambatisha cheti cha kifo au hati ya kuthibitisha. Nawaomba wajane walisikie hili, kwa maana wengi hudhani jambo lilizikwa pamoja na marehemu.

Kabla ya kupeleka chochote, ombeni faili zima kwenye hifadhi ya kumbukumbu iliyoko mji wa St. Louis. Ikiwa ni babu wa zamani, mjue kwamba tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza mafaili kati ya milioni 16 na 18 mahali hapo. Karibu asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960 yaliteketea. Katika hali hiyo barua za zamani, picha na karatasi za hospitali zilizomo sandukuni mwa bibi huwa na thamani kubwa. Msizitupe mnaposafisha nyumba.

Msiamini pia uvumi kwamba neno baya hujifuta lenyewe baada ya miezi sita. Halijifuti. Vyama vya maveterani, kama American Legion, husaidia kujaza fomu bila malipo. Anayetaka fedha nyingi kabla hajasoma hata karatasi, mwogopeni. Wekeni nakala ya kila kitu. Kisha ni kungoja, kama yule mjane wa Luka 18. Sheria inadai maombi mengi kwenye bodi za kusahihisha yamalizwe ndani ya miezi 10, na lolote lisipite miezi 18.

Wakati wa kungoja asikae bila matibabu. Idara ya Maveterani huamua yenyewe nani atibiwe, haingoji bodi, na hata aliyeachishwa kwa Other Than Honorable aweza kwenda kuomba huduma ya akili. Usiku ule ambao ataanza kusema maisha hayana maana, usingoje kuche: akiwa Marekani piga 988, kisha bonyeza 1, na uondoe bunduki ndani ya nyumba.