Kuhesabu Mdundo kwa Umeme: Funzo la Amadinda kwa Mafundi Chipukizi wa Kalerwe

Katika nyumba nyingi za Kalerwe, kando ya njia iendayo Gayaza, saa ya ukutani iliyonyamaza au redio iliyokufa huwekwa pembeni ikingoja kutupwa. Kwa kijana mwenye hamu ya ufundi, vitu hivyo si takataka. Ndani yake mna vipande vinavyoweza kutengeneza chombo cha kupima muda na kuhesabu mapigo ya muziki, chombo kinachofaa shuleni, katika kwaya na hata katika uwanja wa gwaride.

Kwanza yafaa kufahamu hesabu yenyewe. Kasi ya muziki hupimwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Sekunde 60 zikigawanywa kwa idadi hiyo, hupatikana muda wa pigo moja. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika humpa kila mpigaji nusu sekunde kutoka pigo hadi pigo. Kazi ya saketi ni kutoa ishara ya umeme kila baada ya muda huo, pasipo kuharakisha wala kuchelewa.

Ndani ya saa ya betri mna kipande kidogo cha kwatzi ambacho hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo haikuchaguliwa ovyo: ni 2 iliyozidishwa kwa 2 mpaka zikafika mbili 15. Chipu iitwayo 4060, ikisaidiwa na vipingamizi na kapasita ndogo, huitikisa kwatzi hiyo, kisha hugawanya mtikisiko wake kwa nusu mara 14. Kinachobaki ni ishara 2 kamili kwa sekunde, yaani 120 kwa dakika. Askari ataitambua namba hiyo mara moja, kwa kuwa mwendo wa haraka wa gwaride katika majeshi mengi huwa kati ya hatua 116 na 120 kwa dakika.

SAA MOJA KWA WOTE

Wengi wanaoanza hutengeneza vyombo viwili, kila kimoja na saa yake, wakitumaini vitakwenda pamoja. Havitakwenda. Kimoja kikizidi kwa asilimia 1 tu, katika dakika 10 za mwendo wa hatua 120 kitakuwa kimetangulia kwa hatua 12. Kikosi kilichopotoka kiasi hicho si kikosi tena. Kwa hiyo sharti chanzo cha mapigo kiwe kimoja, na vihesabio vyote, hata vikiwa kumi, vifuate chanzo hicho na kurudishwa kwenye sifuri kwa pamoja.

Kanuni hiyo haikungoja umeme ili ijulikane katika Buganda. Wapigaji wa amadinda, ala yenye mbao 12 zinazolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, waliijua zamani. Mpigaji wa kwanza huanza sehemu iitwayo okunaga. Wa pili, aliyeketi ng'ambo, huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake. Sehemu yake ni okwawula, neno lenye maana ya kutenganisha. Wa tatu, katika okukoonera, husikiliza sauti za mbao mbili za chini kabisa na kuziitikia katika mbao mbili za juu. Mapigo yakiunganika huweza kufikia 600 kwa dakika, ilhali kila mmoja wa wapigaji wawili wa kwanza hapigi zaidi ya 300.

JINSI YA KUUNDA KIHESABIO

Kwa kasi inayoweza kubadilishwa, chipu ya 555, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, hutosha. Ikipewa vipingamizi vya omu 10,000 na omu 68,000 pamoja na kapasita ya mikrofaradi 1, hutoa mapigo 592 hivi kwa dakika. Lakini kapasita za bei nafuu aghalabu hutofautiana na namba iliyoandikwa juu yake hata kwa asilimia 20. Kwa sababu hiyo kipingamizi cha pili na kiwe cha kuzungushwa, kama kile cha kuongezea sauti redioni.

Mapigo hayo huingia katika chipu ya kuhesabu, 4024, yenye njia za kutokea 7. Thamani zake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Njia ya kwanza hubadilika kwa kila pigo: ikiwaka ni zamu ya mpigaji mmoja, ikizimika ni zamu ya mwenzake. Hiyo ndiyo okunaga na okwawula.

Hapa ndipo penye hatari. Mashine nyingi za ngoma hugawa wimbo katika mapigo 16. Nyimbo za amadinda zina mizunguko mingine, mathalani ya mapigo 24 au 36. Mashine ya 16 itarudi mwanzo wakati wimbo wa 24 ungali na mapigo 8, na mwanafunzi atakayeifuata atajifunza wimbo uliokatwa. Tiba yake ni lango, kipande kinachotoa ishara pale tu njia zake mbili zote zinapopata umeme. Lango likiunganishwa na njia za 16 na 8, kihesabio hurudi sifuri kikifika 24. Likiunganishwa na 32 na 4, hurudi kikifika 36.

Kupima usahihi si kazi ngumu. Katika mzunguko wa 24, kitaa kilichounganishwa na njia ya 16 huwaka mara moja kwa kila mzunguko. Mapigo yakiwa 600 kwa dakika, kitaa hicho kitawaka mara 25. Mama au mtoto mwenye saa ya mkononi aweza kukihesabu.

Betri ya volti 9 yatosha kwa kazi yote. Kamwe mtoto asijaribu saketi hii kwa umeme wa ukutani, wala asifungue redio ambayo haijachomolewa.

Evaristo Muyinda, mpigaji wa kifalme, alifundisha na kupiga ala hizi katika Makumbusho ya Uganda, kilomita chache kutoka Kalerwe. Lubiri ya Mengo iliposhambuliwa tarehe 24 Mei 1966, ala za kifalme ziliharibiwa na wapigaji wakatawanyika. Elimu ilisalia katika masikio na mikono ya watu wachache. Kwa hiyo fundi chipukizi, kabla ya kushika chuma cha kulehemu, aende kwanza kwa mzee anayejua kupiga, asikilize, ahesabu mzunguko mpaka urudi mwanzo, kisha aiandike namba hiyo. Saketi na ifuate wimbo; wimbo usilazimishwe kuifuata saketi.