Harufu Haitoshi: Jinsi Fundi Anavyosaka Gesi Inayovuja

Mtungi wa kilo 6 unaofungwa nyuma ya bodaboda pale Mwatate na kupandishwa mlimani hadi Wusi, katika milima ya Taita, umebeba majimaji. Ndani yake mna propani na butani, gesi mbili zilizoshindiliwa kwa shinikizo hadi zikawa kimiminika. Zikipata upenyo, lita moja ya kimiminika hicho hufumuka na kuwa lita 250 hivi za gesi. Ndiyo sababu mtungi husafirishwa na kutumiwa ukiwa wima. Ukilazwa, kinachofika kwenye valvu ni majimaji, na tundu lilelile dogo huachilia gesi nyingi mno.

Tupige hesabu ya jikoni. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu, kina hewa ya mita za ujazo zipatazo 22. Gesi ya mtungi hushika moto ikiwa kati ya asilimia 2 na 10 ya hewa. Kwa hiyo kiasi kisichofika kilo moja kinatosha kukigeuza chumba kizima kuwa baruti. Tena hatari huja mapema kuliko hesabu hiyo, kwa kuwa gesi hii haitapakai sawasawa chumbani. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, butani mara mbili. Hutulia sakafuni, na gramu 200 hivi zinatosha kuijaza hatari nusu mita ya chini ya chumba hicho.

Katika nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ya Taita, jambo hili lina uzito wa pekee. Gesi huteremka kama maji yanavyoshuka matuta ya shamba: huvuka kizingiti, huingia chumba cha chini, hujaa kwenye mfereji au shimo la maji machafu. Cheche inaweza kuwaka mbali kabisa na jiko. Kule Dar es Salaam, baadhi ya nyumba hupikia gesi asilia ya Songo Songo inayofika kwa bomba. Hiyo kwa sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, nayo hupanda darini. Fundi wa kule huanza kuisaka juu. Fundi wa Wusi huinama.

Harufu kali tunayoijua si ya gesi yenyewe. Hutiwa kwa makusudi, na sababu yake ina historia ya uchungu. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London huko Texas, Marekani, ililipuka baada ya gesi isiyo na harufu kukusanyika chini ya jengo. Watoto na walimu karibu 300 walikufa. Baada ya hapo sheria zilitungwa kulazimisha gesi itiwe kinukisho. Kinachotumika sana kwa gesi ya mitungi ni ethili merkaptani, ambayo pua huinasa hata ikiwa chembe chache tu katika bilioni. Lakini pua huchoka. Aliyekaa chumbani kwa muda huacha kuisikia harufu ingali ipo, na mwenye mafua huenda asiisikie kabisa. Harufu inatutangazia kwamba gesi imetoka. Haisemi imetoka wapi, wala kama imekwisha. Kazi yote ya fundi ni kuugeuza wasiwasi huo kuwa ushahidi.

Kabla ya kusaka, huondoa hatari. Hufunga valvu ya mtungi, huzima kila moto na kuwatoa watu nje. Hagusi swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, maana zote mbili hutoa cheche. Hufungua milango kwanza, kwa sababu dirisha lililo juu halimsaidii sana na gesi iliyolala chini. Kati ya Juni na Agosti, ukungu unapoishukia milima ya Taita na watu kufunga kila upenyo kwa baridi, hatua hii ndiyo inayookoa maisha.

Kisha husaka kwa mpangilio, akianzia shingo ya mtungi. Pale shinikizo ni kubwa kuliko mahali pengine popote. Regulata hulipunguza hadi milibaa 30 hivi kabla gesi haijaingia kwenye mpira; upande wa mtungi, kabla ya regulata, shinikizo huweza kuwa zaidi ya mara 100 ya hapo. Joto nalo huongeza: kutoka nyuzi 20 za asubuhi ya mlimani hadi nyuzi 35 za mchana wa Voi, shinikizo la propani hupanda kwa karibu nusu. Meko ya kilo 6 ambayo kichomeo chake hufungwa moja kwa moja juu ya mtungi haina regulata kabisa, kwa hiyo washa yake, yaani pete ya raba inayoziba kiungo, na kitufe chake hukaguliwa kwa makini zaidi.

Kifaa chake kikuu ni sabuni ya maji iliyokorogwa na maji. Vichomeo vikiwa vimefungwa na valvu ikiwa imefunguliwa tena, hupaka kila kiungo kwa brashi: valvu, regulata, ncha mbili za mpira, vitufe vya jiko. Povu la maji matupu lingepasuka haraka, lakini sabuni hulegeza mvutano wa uso wa maji, na utando mwembamba unaweza kunyumbuka. Gesi kidogo tu inaupuliza, na povu linavimba palepale penye tundu. Kiberiti hakina nafasi katika kazi hii. Mwali haukuonyeshi tundu dogo kwa uhakika, na tundu kubwa hulionyesha kwa mlipuko.

Pale mtungi unapowekwa nje na gesi kuingia kwa bomba la shaba lililopita ukutani, brashi haifiki kila mahali. Hapo fundi hutumia manomita, yaani kipimo cha shinikizo. Hujaza bomba gesi au hewa, hulifunga pande zote na kutazama kipimo kwa dakika kadhaa. Milibaa 30 huinua safu ya maji ya sentimita 30 hivi, kwa hiyo hata mshuko mdogo huonekana. Kipimo kikishuka, hulifunga bomba sehemu kwa sehemu hadi abaki na kipande kimoja cha kushuku. Wapo pia wenye kitambuzi cha umeme, chombo kilichotokana na kazi ya Mjapani Naoyoshi Taguchi katika miaka ya 1960. Ndani yake mna oksidi ya bati iliyopashwa moto, ambayo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi gesi inapoigusa. Kwa kuwa mvuke wa spiriti nao huiamsha, fundi makini humalizia kwa sabuni.

Tundu likishaonekana, kitu kilichochoka hubadilishwa. Mpira uliopasuka au kutafunwa na panya haufungwi kwa tepu. Washa haikatwi kutoka tyubu ya gurudumu: raba ya namna hiyo hufyonza gesi, huvimba na kulainika, ilhali washa halisi hutengenezwa kwa raba ya naitrili inayostahimili. Na kama kinachovuja ni mtungi wenyewe, hakuna fundi wa nyumbani anayepaswa kuufungua. Huwekwa wima uwanjani, mbali na moto na mifereji, na kurudishwa kwa muuzaji. Kujaza na kukarabati mitungi ni kazi ya waliopewa leseni. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, uliojeruhi watu zaidi ya 200, ulitukumbusha gharama ya gesi kushughulikiwa pasipostahili.

Baada ya kubadilisha, kazi haijaisha. Fundi hufungua valvu tena na kupaka sabuni upya kwenye kila kiungo alichogusa, kwa sababu kiungo kilichofunguliwa ni kiungo kipya. Hapo mwenye nyumba ana haki moja, nami namsihi aitumie: asimame karibu, atazame viungo hivyo kwa macho yake, na asilipe hadi aone sabuni imetulia bila kuvimba. Jaribio hilo hugharimu kijiko cha sabuni, na kila familia inaweza kulirudia yenyewe kila inapobadilisha mtungi.