Umeme Mdogo Unaoamsha Kinga ya Mwili

Umeme wa mwilini ukitajwa, wengi hufikiria moyo na neva. Chembe nyeupe za damu huhesabiwa kuwa za kikemia tu. Hesabu hiyo ina upungufu. Limfositi T, chembe zinazoongoza mapambano dhidi ya virusi, zina tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya utando wake, takriban milivolti 50 hadi 60, upande wa ndani ukiwa hasi. Potasiamu iliyojaa ndani huvuja kupitia vijia vya protini, na kila ioni hutoka na chaji yake chanya. Umeme huo ni sehemu ya uamuzi wa chembe kupigana au kutulia.

Limfositi inapotambua kipande cha kirusi, akiba yake ya ndani ya kalsiamu hupungua. Protini ya STIM1 huhisi upungufu huo na kufungua kijia cha Orai1, kalsiamu ikaingia kutoka nje, ambako ni nyingi zaidi ya mara 10,000. Lakini kila ioni ya kalsiamu huingia na chaji chanya mbili. Chaji hizo zikirundikana, uhasi unaoivuta kalsiamu hufifia na mmiminiko hukatika. Hapo hufunguka vijia vya potasiamu, kikiwemo Kv1.3 kilichotambuliwa mwaka 1984. Potasiamu hutoka, uhasi hurejea, na kalsiamu huendelea kuingia hadi jeni za mapambano ziwashwe.

Huenda mtu akasema kinachofanya kazi ni kalsiamu, na umeme unafuata tu. Ni kweli kwamba watoto wanaozaliwa na Orai1 mbovu huwa na limfositi za kutosha zisizoamka. Ila ukizitia limfositi nzima katika maji yenye potasiamu nyingi, uhasi hupotea na kalsiamu haiingii vya kutosha, ingawa Orai1 haina kasoro. Wengine watataja panya wasio na Kv1.3, ambao kinga yao haiyumbi sana. Panya wana vijia vingine vya potasiamu vya kuziba pengo. Kinacholindwa ni uhasi, kwa kijia chochote kile. Kwa binadamu, limfositi zinazochochea magonjwa ya kinga kuushambulia mwili wenyewe hutegemea zaidi Kv1.3, ilhali zile ambazo hazijawahi kupambana hutegemea zaidi kijia kingine. Ndiyo maana dalazatide, dawa inayoziba Kv1.3 na iliyotokana na sumu ya anemoni wa bahari ya Karibi, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa soriasisi, mojawapo ya magonjwa hayo: shabaha ni kutuliza limfositi korofi bila kuizima kinga yote.