Fukuzi wa viazi: mjue kabla hujatupa chakula

Ni jioni ya Ramadhani. Adhana ya Magharibi imekwisha, sinia la viazi vitamu liko mbele ya familia, na tonge la kwanza linakuwa chungu kama shubiri. Futari imeharibika, na aliyeiharibu ni mdudu mdogo, urefu wake karibu na wa punje ya mchele mrefu.

Kwa familia za Nyambureti, wilayani Serengeti, kama kwa wakulima wengine wa Kanda ya Ziwa, kiazi kitamu si cha futari peke yake. Ni akiba ya kuvukia miezi ya upungufu. Mdudu anayekishambulia huitwa fukuzi, lakini jina hilo moja limebeba wadudu kadhaa, na kila mmoja ana hukumu yake.

Ndugu wanaofanana

Wanaokitia kiazi uchungu katika mashamba yetu ni hasa ndugu wawili wa ukoo wa Cylas. Wote wana mwili mwembamba kama wa sisimizi na mdomo uliorefuka mbele. Cylas puncticollis ni mweusi mwili mzima, urefu wake milimita 6 hadi 8. Cylas brunneus ni mdogo zaidi, na rangi yake hubadilika: aghalabu ni kahawia, ila wapo walio weusi. Kwa hiyo rangi pekee si ushahidi. Utazamwe na ukubwa. Ndugu wa tatu, Cylas formicarius, ana kifua chekundu na mgongo wa buluu iliyokoza; huyo ameenea zaidi barani Asia.

Asidanganyike mtu na papasi za kichwani. Ncha iliyo ndefu kama uzi ni ya dume, na iliyo fupi kama rungu ni ya jike. Hiyo ni tofauti ya jinsia, si ya aina.

Wenyewe hutambuana kwa harufu. Jike humwita dume kwa harufu maalumu, na mtego wenye harufu ya yule wa Asia haumvuti huyu mweusi wa Afrika. Ndiyo maana watafiti walilazimika kutafuta harufu za hawa wa kwetu, wakazijaribu nchini Uganda katika miaka ya 1990.

Jamaa wa mbali

Blosyrus ni mnene, mwenye mgongo wa vinundu, na ukimwona chini utadhani ni bonge la udongo. Buu lake halichimbi ndani. Huchora mifereji juu ya ganda la kiazi. Alcidodes ni mkubwa, karibu sentimita 1.4, mwenye mistari myeupe mgongoni. Buu lake hutoboa marando.

Hapa ndipo penye faida ya kuwatofautisha. Kiazi chenye mifereji ya juu humenywa kwa kina kikaliwa, na kukitupa ni israfu. Lakini kiazi kilichotobolewa na Cylas hujitetea kwa kutengeneza kemikali chungu, na hata jeraha dogo hutosha kuharibu ladha yake. Hicho asipewe mtu wala mfugo.

Kumtambua nyumbani

Mabuu ya Cylas ni meupe, hayana miguu, na kwa macho hayatofautiani. Chukua kiazi chenye matundu, kiweke ndani ya ndoo, ufunge mdomo wake kwa kitambaa chepesi. Kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua takriban mwezi mmoja, kwa hiyo baada ya majuma machache utawaona waliokomaa. Ukimaliza, waue wote, wasirudi shambani.

Kinga

Cylas hana uwezo wa kuchimba udongo. Hukifikia kiazi kupitia nyufa za tuta, au kiazi kinapochomoza juu ya ardhi. Basi inulia udongo na uzibe nyufa, hasa jua linapokuwa kali, na uvune mapema viazi vinapokomaa. Kwa mbegu, kata ncha changa za marando, kwa kuwa jike hutaga zaidi kwenye shina kuukuu karibu na ardhi. Shamba jipya liwe mbali na la msimu uliopita, na masalia yaliyotobolewa yazikwe kwa kina au yachomwe.

Kazi hizi hazihitaji fedha. Zinahitaji jembe, jicho lililozoea kutazama, na watoto waliofundishwa kumtambua mdudu kabla ya kumhukumu kiazi.