Kisu kikali ni haki ya mnyama

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, kila unapoandama mwezi wa Mfunguo Tatu, wenye uwezo wa kuchinja hushughulikia umri wa mnyama, afya yake na bei yake. Kisu hukumbukwa asubuhi ya Idd. Hutolewa jikoni, kikasuguliwa mara mbili tatu kwenye ngazi ya saruji, na safari ya uani ikaanza. Anayelipa gharama ya usahaulifu huo ni mnyama.

Katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws (R.A.), iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, na akamwagiza mchinjaji atie kisu chake makali na ampunguzie mnyama mateso. Katika kitabu hicho hicho, Bibi Aisha (R.A.) anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kuchinja kondoo wake, alimwambia amletee kisu, kisha akamwamuru akinoe kwa jiwe. Basi kunoa kulifanyika nyumbani kwa Mtume, kabla ya kondoo kulazwa.

Tena amepokea Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu huku amemkanyaga kondoo na kondoo anamtazama, akamuuliza kama anataka kumfisha mara mbili. Kwa hiyo kisu kinolewe mapema, mbali na macho ya mnyama.

Jambo hili linagusa pia uhalali wa nyama. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza kuwa kuchinja kwa kisu butu ni makruhu. Na kikiwa butu kiasi kwamba hakikati ila kwa nguvu za mchinjaji, nyama haihalaliki. Yanayopasa kukatwa kikamilifu ni koo la pumzi na koo la chakula, na ni sunna kukata mishipa miwili ya shingo.

Kwa nini kisu kilichonolewa hukwama?

Makali ya kisu ni mfano wa kabari. Kila tunapokinoa kwa haraka, tunasugua ncha ya kabari peke yake, na sehemu iliyo nyuma ya ncha inazidi kuwa nene. Baada ya miaka michache, kisu hukata karatasi lakini hukwama kwenye ngozi na nyama. Kisu hicho hakitoshi kunolewa. Chahitaji kuchongwa makali upya, yaani kupunguza unene wa pande zote mbili. Wengine hukipeleka kwenye mashine ya kunolea. Hatari yake ni joto: chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umepungua, na makali hayatadumu.

Kinoo cha almasi hufanya kazi hiyo kwa mkono bila joto la kudhuru. Ni bamba lililogandishwa chembe ndogo za almasi, ambazo ni ngumu kuliko chuma chochote. Kinoo cha kawaida huliwa katikati kikawa na bonde, lakini bamba hili hubaki bapa. Namba ndogo huashiria chembe kubwa: anza na ya 300 hivi kwa kuchonga, fuata ya 600, malizia na ya 1000 au zaidi.

Namna ya kufanya

Weka kinoo juu ya kitambaa kibichi ili kisiteleze, na ukinyunyizie maji. Paka wino wa kalamu nzito kwenye makali yote. Kisha laza kisu na uinue mgongo wake hadi pembe ya digrii 20 hivi. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 5, mgongo huwa juu ya kinoo kwa takriban sentimita 1.7. Sugua kidogo na utazame. Wino ukitoka nyuma tu, bado hujafika kwenye ncha. Ukitoka kwenye ncha tu, umeinua mno.

Usikandamize, kwa kuwa nguvu nyingi hung'oa chembe za almasi. Endelea upande mmoja mpaka uhisi kwa kidole, ukikipitisha kutoka mgongoni kuelekea nje, kijikwaruzo chembamba cha chuma kilichopindia upande wa pili, tangu mpinini hadi nchani. Hiyo ndiyo dalili ya kugeuza. Kisu kirefu mno kilazwe ukingoni mwa meza, kishikwe imara, na kinoo ndicho kipitishwe juu yake. Vaa glavu nene. Katika kinoo laini, badilisha upande kila mpito hadi kijikwaruzo kiishe.

Mwisho, osha kisu na ukitazame chini ya taa. Makali kamili hayarudishi mwanga; penye kimeta pana ubutu au pengo. Pengo dogo huchana badala ya kukata.

Urefu nao uzingatiwe. Mtaalamu wa mifugo wa Marekani, Temple Grandin, ameandika kwamba kisu kiwe kirefu kiasi cha ncha yake kubaki nje ya jeraha wakati wa kukata. Kisu kifupi cha jikoni hakimfai ng'ombe.

Enyi wazazi, kazi hii huchukua saa moja au mbili jioni kabla ya Idd. Waiteni vijana waione, wajue kwamba huruma ya mchinjaji huanza kabla mnyama hajafunguliwa kamba. Mwenyezi Mungu atutakabalie ibada zetu na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutenda wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.