Jua Kiuadudu Unachonunua: Aina Zake na Sumu Yake kwa Watu na Viumbe

Mkazi wa Pande, wilayani Kilwa, huweza kununua katika duka moja dawa ya mbu kwa ajili ya chumba, dawa ya mikorosho kwa ajili ya shamba na dawa ya mahindi kwa ajili ya ghala. Zote huitwa "dawa", na jina hilo moja huficha tofauti kubwa. Viambato vyake havifanani, namna vinavyoua haifanani, na kile kisichomdhuru sana mtu huweza kuangamiza samaki na nyuki. Makala haya yanaeleza makundi makuu ya viuadudu na jinsi mtumiaji anavyoweza kuyatambua kabla ya kulipa fedha yake.

Lebo inasema nini

Sehemu ya chini ya lebo huwa na mkanda wa rangi unaofuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani. Nyekundu ni sumu kali sana, njano ni sumu ya kiwango cha kati, bluu ni sumu hafifu, na kijani ni bidhaa isiyotarajiwa kuleta madhara ya ghafla ikitumika ipasavyo. Hata hivyo, rangi hiyo hupima jambo moja tu: hatari ya papo kwa papo kwa binadamu. Haipimi madhara kwa nyuki, kamba wala samaki, wala yale yanayojengeka polepole kwa miaka. Kwa hiyo, baada ya kuona rangi, tafuta jina la kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua. Majina ya biashara ni mengi na hubadilika. Kiambato ndicho kinachokuonyesha kundi la sumu uliyoishika mkononi.

Oganofosfati na kabameti

Majina mengi ya oganofosfati kwenye lebo hubeba herufi "fos" au "phos". Miongoni mwake ni profenofosi, inayopulizwa mashambani, na pirimifosi-methili, iliyomo katika baadhi ya unga wa kuhifadhia nafaka. Kabameti huua kwa njia iyo hiyo: huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, ambacho mdudu anacho na binadamu anacho pia. Ndiyo maana dalili kwa mtu huwa nzito: mate na jasho jingi, machozi, mboni kusinyaa, kutapika, kuharisha, misuli kutetemeka na, mwishowe, kushindwa kupumua.

Kabofurani, iliyo katika kundi la kabameti, ni miongoni mwa kali zaidi. Nchini Kenya ilitiwa katika mizoga ili kuwaua simba, na tai waliokula mizoga hiyo wakafa pia. Mwaka 2009 mtengenezaji wa Furadan, yenye kiambato hicho, aliiondoa bidhaa hiyo katika soko la nchi hiyo.

Pairethroidi

Kundi hili liliundwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Majina yake mengi huishia kwa herufi "thrin", na hupatikana katika vyandarua vyenye dawa, dawa za kupuliza chumbani na dawa za kuua mbu wa mikorosho. Mwili wa binadamu huvunja kemikali hizi upesi kuliko mdudu awezavyo, hivyo madhara ya kawaida ni ngozi kuwasha na kuchonyota, kikohozi, na kuzidi kwa pumu kwa mwenye nayo. Kwa samaki, kamba, kaa, nyuki na hata paka, kemikali hizi ni kali mno.

Hapa ndipo mkazi wa pwani anapaswa kuwa makini zaidi, kwa kuwa shamba, mikoko na bahari havitengani sana. Bomba likioshwa mkondoni, sumu huingia mahali ambapo makinda ya kamba na samaki hukulia. Osha bomba na chandarua mbali na maji, kisha maji hayo yamwage katika shimo lililo mbali na kisima. Chandarua kilichochakaa kisigeuzwe wavu.

Tahadhari hii inawahusu pia chungu wekundu waitwao majimoto. Chungu hao huwinda wadudu wanaofyonza mikorosho na minazi, na kupuliza ovyo huwaua walinzi pamoja na wezi. Aidha, mkulima asichanganye mambo: salfa ni kiuakuvu cha kukinga ubwiriunga. Kuongeza salfa ili kuua mbu wa mikorosho ni kupoteza fedha na kuumiza macho na kifua.

Neonikotinoidi

Imidaklopridi na thiamethoksamu ni za kundi hili. Mmea huzinyonya na kuzisambaza hadi kwenye maua, hivyo nyuki huzipata hata kama hakuwapo wakati wa kupuliza. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali tatu za kundi hili katika mashamba ya wazi kwa sababu ya nyuki. Mikorosho huhitaji wadudu ili kuchavusha maua yake. Kwa hiyo, kupuliza wakati wa maua kunaweza kupunguza mavuno yanayokusudiwa kulindwa.

Oganoklorini

DDT na endosulfani ni za kundi hili. Sifa yake mbaya ni kudumu: huganda katika mafuta ya mwili na kuongezeka kutoka kiumbe hadi kiumbe anayekila. Katika shamba la Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani, shehena ya viuatilifu vya zamani, DDT ikiwamo, iliachwa ikaharibika, na miaka mingi baadaye watafiti waliikuta sumu hiyo bado udongoni. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliifungia DDT mlango wa kilimo. Endosulfani iliongezwa mwaka 2011. Ukiuziwa chochote cha kundi hili kwa ajili ya bustani au ghala, usikinunue.

Vidonge vya kufukizia nafaka

Vidonge vya fosfidi ya aluminiamu vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo hupenya nyufa na haina kiuasumu. Visitumike kamwe katika nyumba wanamolala watu, hata kama nafaka imo katika chumba kingine. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa, katika ghala lililozibwa vyema na lisilo na wakazi.

Sumu isivuliwe samaki

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisitisha kununua samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa kwamba baadhi ya watu walivua kwa kutumia viuatilifu. Kosa la wachache liliwagharimu wavuvi wa nchi tatu. Samaki aliyeuawa kwa sumu haliwi wala hauzwi.

Kabla ya kulipa

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), inayosajili viuatilifu na kusimamia wauzaji wake. Kwa hiyo una haki ya kudai chombo kilichofungwa, lebo inayosomeka, namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na risiti. Kataa dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji au soda: haina rangi ya tahadhari wala jina la kiambato, haionyeshi siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mtoto huweza kuinywa akidhani ni kinywaji.

Mtu akidhurika, mtoe penye sumu, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha mpeleke kituo cha afya bila kukawia. Usimlazimishe kutapika. Maziwa si kiuasumu, na kuyangojea hupoteza muda. Chukua lebo uende nayo, kwa maana jina la kiambato ndilo litakalomwelekeza mganga katika tiba.